Kiajemi kianzwe na wakati uliopita

Kufundisha lugha ngeni kwa kuanzia wakati uliopo ni mazoea ya walimu wengi. Kwa Kiajemi, mimi naona huko ni kumtesa mwanafunzi bure.

Tazama. Kuona ni didan, lakini “naona” ni mibinam. Kupika ni pokhtan, “napika” ni mipazam. Kusema ni goftan, “nasema” ni miguyam. Vitenzi vinavyotumika kila siku ndivyo hasa vyenye mashina ya kukariri kimoja kimoja, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza anakata tamaa.

Wakati uliopita hauna vituko hivyo. Ondoa -an mwishoni mwa kitenzijina, umepata shina: did, pokht, goft. Kisha pachika nafsi: didam (niliona), didi (uliona), didim (tuliona), didid (mliona), didand (waliona). Na “aliona”? Ni did, basi, shina tupu. Ukitaka kukanusha, tanguliza na-: nadidam, sikuona. Ukitaka kusema ulikuwa unaona, tanguliza mi-: mididam. Kwa sisi tuliozoea kubeba nafsi ndani ya kitenzi, tofauti ni kwamba wenzetu wanaiweka nyuma. Kwa siku chache tu mtu anaweza kusimulia alikokwenda na alichokula, na masimulizi ndiyo yanayomfanya arudi darasani.

Kazi iko kwenye ezafe, ile -e inayounganisha nomino na kivumishi au na mwenye mali. Ketab-e bozorg ni kitabu kikubwa. Ketab-e Ali ni kitabu cha Ali. Neno likiishia kwa irabu inakuwa -ye: khane-ye bozorg, nyumba kubwa. Hakuna ngeli wala upatanisho. Hata vitabu vikiwa vingi, ketabha-ye bozorg, kivumishi hakitikisiki. Inafanana na a-unganifu yetu, ila mpangilio unatega. Sisi twasema “nyumba yangu kubwa”, Mwajemi anasema khane-ye bozorg-e man, yaani ukubwa kwanza, mwenyewe mwisho.

Lakini ugumu wenyewe uko kwenye maandishi. Baada ya konsonanti, -e hiyo kwa kawaida haiandikwi. Machoni ni ketab bozorg tu, na msomaji lazima atambue mwenyewe kama aunganishe (“kitabu kikubwa”) au atue, kwa kuwa mbele kuna ast (ketab bozorg ast, “kitabu ni kikubwa”). Ndiyo maana sikubaliani na wanaompa mwanafunzi sentensi za kusoma kimya. Asikie kwanza, asome kwa sauti, tena mbele ya mtu wa kumkatiza.

Akikwama kabisa, achungulie Kitajiki, ndugu wa Kiajemi kinachoandikwa Tajikistan kwa herufi za Kikirili kama za Warusi. Huko kiungo hicho huandikwa wazi, kikiwa -i mwishoni mwa nomino: kitobi buzurg. Herufi za Kikirili zina tabu zake, lakini angalau hazimfichi mtu sarufi.