Hiyo flati ya Chumbageni, ulizeni hati kwanza

Jamani mwandishi wa makala kaisifia hii flati ya vyumba viwili inayouzwa Chumbageni, Tanga, iliyokarabatiwa, mpaka basi, mara taili mpya mara jiko la kisasa mara mtaa unakuja juu, ila kwenye hati kapita kimya. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ipo toka 2008, unaweza kabisa kupewa hati ya flati yako peke yako, sasa kama muuzaji anakuonyesha hati moja tu ya jengo zima na mkataba wa serikali ya mtaa hapo unanunua maneno.

Halafu ukarabati wa Tanga mi nauogopa, upepo wa bahari una chumvi na nondo za majengo ya zamani zinakula kutu ndani kwa ndani, fundi anapiga skimu (lipu laini ya juu) na rangi nyeupe inang'aa, masika moja tu plasta inaanza kubanduka. Panda juu kaangalie slabu, gonga ukuta, ulizia mfumo wa maji taka ulibadilishwa au ni ule ule. Na nani anayelipia taa za ngazi na pampu?

Bei kupanda naelewa, bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, kila dalali anaimba wimbo huo. Lakini wageni wa mradi wengi ni waja leo waondoka leo, wakishamaliza ujenzi utampangisha nani kwa hiyo hela? Mi bora kiwanja Pongwe nijenge mdogo mdogo.