Uliza Kwanza Utarudije

Mpwa wangu alinifuata Kibirizi, hapa Kigoma, wiki iliyopita, simu mkononi. "Shikamoo mjomba, hebu soma hapa." Kazi za ndani, Muscat, miaka miwili, riali 80 kwa mwezi. Riali moja ya Oman ni dola mbili na senti kama sitini, kwa hiyo ni laki tano na kitu za kwetu. Kwa binti anayeshinda juani akianika dagaa wa watu, hizo ni hela.

Simlaumu hata kidogo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, chanja zilikaa tupu miezi mitatu na nyumba nyingi ziliishi kwa kukopa dukani. Na hapa hapa Mwanga na Ujiji kuna nyumba zilizojengwa kwa hela ya Oman, nimeziona zikipanda tofali kwa tofali. Anayesema kila aendaye Uarabuni anakwenda kuteswa hasemi kweli.

Kinachoniuma ni namna tunavyopima kazi hizi. Wote tunauliza: wanalipa ngapi? Mimi naanza na jingine: ukitaka kurudi baada ya miezi minne tu, utarudije?

Mkataba wenyewe ulikuwa picha mbili za WhatsApp, nusu Kiarabu nusu Kiingereza, na nafasi ya jina la mwajiri iko wazi. Nikaivuta picha kwa vidole nikitafuta habari za tiketi. Ya kwenda ipo. Ya kurudi ipo baada ya miaka miwili kamili. Kabla ya hapo hakuna neno. Siku ya mapumziko nayo haikutajwa.

Kule kibali chako cha kuishi kinamtegemea mwajiri, ndiye kafili wako, yaani mdhamini. Ukitoka kwake bila ridhaa anaweza kuripoti kwamba umetoroka, na wewe uliyekuwa unadai mshahara ndiye unayeanza kutafutwa. Human Rights Watch waliyaandika haya mwaka 2017 kuhusu dada zetu wa Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa, mishahara kutolipwa, kazi bila kupumzika.

Halafu wakala anataka laki sita "ya kushughulikia". Dada yangu alikuwa tayari kuuza kipande cha shamba la michikichi. Hapo nilipandisha sauti, na sijutii. Mtu aliyeondoka na deni hawezi kusema naacha kazi. Hata akipigwa atabaki, maana anajua nyumbani wameuza nini. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, linasema kimsingi wakala asimtoze mfanyakazi ada. Anayetafuta mfanyakazi ni mwajiri. Alipe yeye.

Sikumkataza kwenda. Tumekaa tukaandika maswali: mwajiri ni nani, pasipoti atashika nani, na akinyanyaswa akataka kuondoka tiketi analipa nani. Wakala alete na leseni yake, tuipeleke TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, waiangalie. Namba ya ubalozi wetu Muscat nimemtaka aiandike kwenye daftari na aikariri, kwa sababu simu huchukuliwa.

Wakala amejibu kwa ujumbe wa sauti: "Hayo mtaelewana na bosi ukifika." Nimemwambia dada michikichi ibaki palepale mpaka jibu lije kwa maandishi.