Kibodi ya mtumba, kipanya kipya

Ukitaka kujua mtu anaandika lugha gani, itazame kibodi yake. Kwenye steshenari yangu, chumba kimoja tu kule Ubungo, Dar es Salaam, herufi ya kwanza kufutika huwa ni A. Andika "wanafunzi wanaandaa makala" kisha uzihesabu: A 10 ndani ya maneno matatu. Q na X zinabaki zinang'aa kama siku zilipotoka kwenye boksi, maana Kiswahili hakina kazi nazo.

Nimeshazika kibodi nyingi. Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu likifunguliwa, vijana wanapanga foleni mpaka kwa muuza chipsi, na kibodi haipati hata muda wa kupoa. Likifungwa, wanaingia wenye tasnifu za kuchapa. Kwa hiyo mtu akinifuata na kuniuliza, "Kaka, nataka vifaa vya bei poa lakini vidumu, nichukue vipi?" jibu ninalo, ingawa wengi haliwafurahishi. Kibodi nunua ya mtumba, kipanya nunua kipya, na hedseti usiinunue kwa kufikiria masikio yako.

Nianze na kibodi, kwa sababu huko ndiko nilikoingizwa mkenge. Nilikuwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikaona kibodi inawaka rangi zote za upinde wa mvua. "Hiyo ya gemu, bosi, ndiyo inayotoka sasa hivi," kijana wa dukani akaniambia. Nikatoa 45,000 bila hata kubishana sana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile kibodi ilikuwa inajitembeza kwa taa. Baada ya miezi mitatu spesi ikaanza kukwama upande wa kushoto. Ukiibonyeza katikati inakubali, ukiibonyeza pembeni inakataa, na mimi dole gumba langu limezoea pembeni. Ukurasa mzima wa mteja ukatoka maneno yameshikana kama treni.

Nikaifungua nione kilichomo. Kulikuwa na karatasi tatu za plastiki na vikombe vidogo vya mpira, basi. Karatasi ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya katikati ina matundu. Ukibonyeza herufi, kikombe kinasukuma ya juu iguse ya chini kupitia tundu. Hivyo ndivyo zilivyo kibodi nyingi za bei ya kawaida duniani, zenye taa na zisizo na taa. Silaumu muundo. Ninachosema ni kwamba zile taa hazikuja bure. Kiwanda kikitaka kuuza kwa bei ileile ya kibodi isiyo na taa, pesa ya taa lazima ikatwe mahali: kwenye unene wa plastiki, kwenye mpira, kwenye waya. (Haki yake niipe: umeme ulipokatika usiku na laputopu ikiwa na chaji, niliziona herufi vizuri kabisa.)

Sasa ninachotumia ni Dell nyeusi isiyo na urembo wowote, ile KB216 unayoiona kwenye ofisi nyingi, niliyoichukua kwa 15,000 kutoka kwenye rundo la mtumba. Kompyuta zilizotumika zinapoingia nchini kutoka Ulaya na Dubai, kibodi zake huja nazo, na wauzaji wengi huzirundika kwenye boksi pembeni kwa sababu macho ya wateja yako kwenye mashine. Piga magoti kwenye lile boksi. Dell, HP, Lenovo: kibodi hizi zilitengenezwa kwa kampuni zinazonunua kwa maelfu, ambako mtu wa kompyuta hataki kuitwa kila siku kwamba herufi fulani imegoma. Hakuna aliyejali kama inapendeza. Yangu ina miaka minne, na uchafu wake nimeshauosha mara mbili: unang'oa vitufe taratibu, unavisugua kwa maji ya sabuni, unaviacha vikauke kivulini mpaka kesho. Makombo ya maandazi niliyoyatoa humo siyasemi.

Ila kwenye mtumba kuna mtego mmoja ambao muuzaji hatakwambia, nao ni mpangilio wa herufi. Kibodi ya Uingereza haina shida kubwa. Alama ya @ inakaa karibu na Enter, na shifti na 2 inatoa alama ya kunukuu. Unabadilisha mipangilio ya Windows kuwa Kiingereza cha Uingereza, yameisha. Ya Ujerumani imebadilishana Y na Z. Kompyuta ikiwa imepangwa kwa Kiingereza na wewe unaandika kwa kutazama herufi, "kazi ya mama" inatoka "kayi za mama", yaani umeharibu maneno mawili kwa mpigo mmoja. Ya Ufaransa ndiyo balaa kabisa. A imekaa kwenye nafasi ya Q na M imekaa kwenye nafasi ya nukta mkato, kwa hiyo "baba" anakuwa "bqbq" na "mama" anakuwa ";q;q". Nilimwona mtu anaibishia hiyo kibodi dukani, anasema ina virusi.

Kwa hiyo nenda na laputopu yako. Chomeka, andika "ng'ombe" uone ile alama iko wapi, maana bila hiyo Kiswahili hakiandikiki. Bonyeza spesi, Enter na shifti kwenye kona zake, si katikati tu. Igeuze chini uitikise. Duka likikukatalia kujaribu huku lina kibao cha "Mali ikishauzwa hairudishwi", toka.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile za mekanikali, zenye swichi moja moja chini ya kila herufi. Ni nzuri, tena siku hizi Wachina wanatengeneza swichi zinazofuata muundo wa kampuni ya Cherry ya Ujerumani, na bei zimeshuka. Kama unaandika saa nane kwa siku nyumbani kwako peke yako, nunua. Mimi niliazima yenye swichi za bluu, zile zinazolia kila ukibonyeza, wiki moja, na mteja aliyekuwa amenipa mgongo akauliza kama mvua imeanza kunyesha kwenye bati.

Kipanya sasa. (Kwa wazee wa mjini, sizungumzii ile Hiace ya zamani.) Hapa ushauri wangu unageuka: usinunue cha mtumba hata kama ni cha bure. Chini ya kile kitufe cha kushoto kuna kibati chembamba kinachopinda kila unapobofya. Kikichoka, ugonjwa wake ni kubofya mara mbili wewe ukiwa umebofya mara moja. Unavuta faili, linadondoka njiani. Unataka kuchagua neno moja, linachaguliwa jingine. Ugonjwa huu unakuja na kuondoka, hivyo dakika mbili za kujaribu dukani hazitauonyesha. Kibodi iliyochoka utaiona. Kipanya kilichochoka hukioni.

Na usibabaishwe na namba kwenye boksi. Utakuta imeandikwa DPI 7,200 kwa wino wa dhahabu. DPI ni idadi ya hatua ambazo mshale unapiga ukisogeza kipanya inchi moja. Skrini ya kawaida ina upana wa nukta 1,920, kwa hiyo kipanya cha DPI 1,000 kinauvusha mshale skrini nzima kwa chini ya inchi mbili. Cha 7,200 kitauvusha kwa kama robo inchi. Nani ana mkono wa kutulia hivyo, labda fundi saa? Kipanya cha waya cha Logitech, vile vya B100 au M90, kinatosha kazi zote za ofisi. Cha bila waya sikatai, M185 inakula betri moja tu ya AA na inakaa nayo muda mrefu, lakini kale kachipu kake ka kuchomeka kwenye kompyuta ni kadogo kama punje ya maharage na mimi nimeshapoteza tuwili, kamoja kakiwa kameondoka na flashi ya mteja. Feki zipo nyingi pia. Ukikuta jina lilelile kwa nusu ya bei duka la tatu kutoka pale, jua, na popote unapolipa dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jambo moja dogo: kipanya kikigoma kwenye meza yenye kioo, si kibovu. Kile kijicho chake hakioni kitu juu ya kioo kitupu. Weka daftari chini yake.

Hedseti ndiyo watu wanapoteza pesa nyingi. Dada mmoja alikuja kwangu kufanya usaili kwa njia ya mtandao, kabeba hedifoni za Bluetooth za bei mbaya, zenye sponji laini na uwezo wa kuzima kelele. Akazivaa. Dakika tano za mwanzo wasaili walisema, "Samahani, hatukusikii vizuri," mara nne. Yeye alikuwa anawasikia, akaamini tatizo liko kwao.

Ule uwezo wa kuzima kelele ulikuwa unafanya kazi masikioni kwake tu. Fundi wa mageti jirani yangu na honi za bajaji zilikuwa zinapita kwenye maiki kama kawaida, kwa sababu maiki yenyewe iko kwenye sikio, mbali na mdomo. Juu ya hapo, Bluetooth ya hedifoni nyingi ina namna mbili za kusafirisha sauti: ya muziki, ambayo ni safi lakini haina maiki, na ya simu, ambayo ina maiki lakini sauti inabanwa. Maiki ikifunguliwa tu inahamia ya simu. Ndiyo maana hedifoni inayoimba vizuri nyumbani inageuka redio mbao kwenye kikao.

Nikampa hedseti yangu ya waya wa USB, yenye kale kamkono ka maiki kanakofika pembeni mwa mdomo. Niliinunua 28,000. USB inakuepusha pia na fumbo la pini, maana hedseti nyingi za pini moja haziendani na kompyuta ya mezani yenye matundu mawili, la kijani na la waridi, mpaka ununue waya wa kugawanya. Ukipata Jabra au Plantronics zilizotoka kwenye vituo vya kupokea simu, chukua, ubadilishe sponji tu. Zenye ngozi bandia ziepuke. Kwa joto la Dar zinabanduka, unatoka kwenye kikao una magamba meusi shavuni.

Usaili ulienda dakika arobaini zaidi na hakuna aliyesema hasikii. Alipomaliza alikunja waya vizuri, akaniuliza kama ile hedseti naiuza. Nikamwambia hapana, dada, hiyo ndiyo inanilipia kodi.