Tunatunza alama, tunatupa majibu

Baada ya mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule jirani hufanya pamoja, mkeka wa matokeo ulibandikwa nje ya ofisi ya walimu. Darasa langu la Nne lina watoto 68, na wastani wao wa Hisabati ulikuwa 19 kati ya 50. Kwenye kikao tukaulizwa mkakati, tukaandika ule wa siku zote: kuongeza mazoezi, watoto kuwahi asubuhi, kushirikisha wazazi. Muhtasari ukasainiwa, nasi tukarudi darasani kuendelea na mada inayofuata.

Karatasi zenyewe zilikuwa stoo, zimefungwa kamba. Nilizifungua jioni ile kwa sababu mama mmoja alikuja kulalamikia alama za mwanawe. Swali la 7 lilikuwa 52 − 37, na mtoto kajibu 25. Nikaangalia karatasi ya chini yake: 25. Iliyofuata ilikuwa na 15, sahihi. Nyingine tena, 25. Nilipofika mwisho wa bunda nilikuwa nimehesabu watoto 31 walioandika 25.

Watoto 31 hawawezi kubahatisha namba moja. Walikuwa wakifuata kanuni. Kwenye mamoja wameona 2 na 7, wakatoa ndogo kwenye kubwa, wakapata 5. Kwenye makumi, 5 toa 3, ikabaki 2. Na kanuni hiyo waliipata kwangu, maana kila ninapofundisha kutoa huanza kwa kusema, "Huwezi kutoa 7 kwenye 2." Mimi nilikuwa naelekea kwenye kukopa kumi, wao walishika "huwezi", wakageuza namba ili iwezekane.

Wastani wa 19 usingeniambia hilo hata ningeutazama mwaka mzima. Alama inasema nani kakosa na kakosa kiasi gani. Jibu lenyewe, lile bovu, ndilo linaloonyesha mtoto alikuwa anawaza nini. Aliyeandika 89 amejumlisha, huenda hakuitazama alama ya kutoa. Aliyeandika 14 anajua kukopa, ila aliteleza kidogo kwenye kuhesabu. Wote watatu, pamoja na yule wa 25, wana sifuri kwenye swali hilo, na kila mmoja anahitaji msaada tofauti kabisa.

Tangu siku hiyo huwa nachora jedwali kwenye daftari la kawaida: majina yanashuka, namba za maswali zinakwenda kwa upana, tiki au kosa katika kila chumba. Nikilisoma kwa upana namwona mtoto. Nikilisoma kutoka juu kwenda chini naona ufundishaji wangu. Safu ya swali ikijaa makosa, hakuna sababu ya kumwita mzazi wa mtu; mada hiyo sijaifundisha ikaeleweka.

Najua walimu wenzangu watasema darasa la watoto 120 haliwezi kuchambuliwa hivyo, na wana haki. Basi chukua karatasi 15 bila kuchagua, na maswali matano ya mada uliyomaliza juzi. Kosa ambalo nusu ya darasa inalifanya litajitokeza hata hapo. Kuhusu kusoma kuna njia fupi zaidi, ile ambayo watafiti wa Uwezo, waliopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipita nayo nyumba kwa nyumba: silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto mmoja mmoja, dakika chache, unajua amesimama ngazi gani. India, shirika la Pratham limekwenda mbele zaidi kwa kuwapanga watoto kwa ngazi hizo wakati wa kufundishwa kusoma, bila kujali wako darasa la ngapi.

Baraza la Mitihani la Tanzania nalo hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na picha za majibu mazuri na mabaya. Kwenye maswali ya kuchagua wanaeleza hata kila kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi kati ya yale ya kuchagua, kiliwavutia watahiniwa kwa sababu gani. Hiyo ni hazina. Natamani kila shule ya msingi ingekuwa na nakala iliyochakaa kwa kufunuliwa.

Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, na mimi nilifurahi. Lakini kwenye mbao zetu za matangazo bado tunawapanga watoto kuanzia wa 1 hadi wa 68. Mzazi anaondoka na nafasi ya mwanawe, hajui mtoto amekwama wapi. Mwalimu naye akijua wastani wake utasomwa mbele ya wenzake, atatafuta namna ya kuupandisha kabla ya kutafuta kosa liko wapi. Viongozi wetu wa elimu wakija shuleni, naomba kabla ya kuuliza umefika mada gani, waulize watoto wanakosea nini.

Wale 31 nilirudi nao kwenye vijiti. Tulifunga mafungu matano ya kumi, vijiti viwili vikabaki pembeni. Nikawaambia wanipe 37. Wakatoa mafungu matatu, kisha mikono ikasita juu ya vile viwili. Binti mmoja akanitazama, akauliza, "Mwalimu, nifungue hili fungu?" Nikamwambia fungua.

Ijumaa niliwapa 64 − 28. Watoto 24 wamepata. Saba bado wameandika 44, na majina yao ninayo hapa; kesho asubuhi nakaa nao kabla ya kengele.