Goti lipimwe kabla ya kutobolewa

Tundu la mfupa la milimita 8 limekuwa mazoea katika urekebishaji wa ligamenti ya mbele ya msalaba, ile ACL inayowatoa wanasoka uwanjani. Napinga mazoea hayo. Wastani wa vitabuni unafaa kufundishia. Kabla drili haijagusa mfupa, goti lililo mezani lipimwe lenyewe.

Ligamenti hii ina umbo la ngoma yenye kiuno. Urefu wake ndani ya goti kwa kawaida ni milimita 31 hadi 38, ingawa zimepimwa za 22 na za 41. Kiunoni, eneo la mkato ni takriban milimita mraba 44 kwa wanaume na 36 kwa wanawake. Inaposhika mfupa wa paja na wa ugoko hutanuka zaidi ya mara tatu. Hapo ndipo kosa huanzia: daktari anaona alama pana ya mshiko, anataka kuijaza kwa kipandikizi kinene, yaani kano inayowekwa badala ya ligamenti iliyochanika. Pigeni hesabu. Kipandikizi chenye kipenyo cha milimita 8 kina eneo la milimita mraba 50, tayari kimezidi kiuno cha asili. Cha milimita 10 kina karibu 79. Hicho kikipita katika upenyo mwembamba baina ya vifundo vya mfupa wa paja, kitasuguliwa na kulika, na mgonjwa hatalinyoosha goti hadi mwisho.

Chembamba nacho kina hatari yake. Vipandikizi vya kano za nyuma ya paja vilivyo chini ya milimita 8 hukatika mara nyingi zaidi, hasa kwa walio chini ya miaka 20. Ukishazikunja kano mbili zikawa mikunjo minne na kipimo kikasoma 7, ongeza mkunjo wa tano ikiwa urefu unaruhusu. Usijifariji kwamba mgonjwa ni mdogo wa umbo. Kwa kweli unene wa kano hizo unaweza kukadiriwa kwenye MRI siku nyingi kabla, na ripoti ya mionzi ingekuwa na manufaa zaidi kama ingetaja namba hizo badala ya kuishia kwenye neno “imechanika”.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Safisha mabaki ya ligamenti lakini acha kingo zake, kisha ingiza rula ya athroskopi (upasuaji wa kamera ndani ya goti) kupitia tundu la ngozi la mbele upande wa ndani. Pima urefu na upana wa mshiko kwenye ugoko, kisha kwenye paja, na upana wa upenyo. Mshiko wa ugoko ukiwa chini ya milimita 14, kipandikizi kimoja kinatosha. Ukizidi 18 na upenyo ukiwa mpana, viwili vinawezekana.

Kumbuka pia pembe. Drili ya milimita 8 ikiingia wima huacha mdomo wa milimita 8, lakini ikiinama digrii 45 mdomo hurefuka hadi zaidi ya 11. Ukiwa umelenga mbele kidogo tu, urefu huo unakupeleka nje ya mshiko.

Kwenye paja, tafuta mgongo mdogo wa mfupa katika ukuta wa nje wa upenyo. ACL hushika nyuma yake. Anayeudhani kuwa ndio mwisho wa ukuta hutoboa mbele mno, na kipandikizi hukazwa kila goti linapokunjwa hadi kilegee. Kutoboa kupitia tundu lile la ngozi la mbele upande wa ndani kunahitaji goti likunjwe digrii 110 au zaidi. Likikunjwa pungufu, tundu la mfupa huwa fupi au ukuta wa nyuma hupasuka.

Namba zote hizi ziandikwe kwenye ripoti ya upasuaji: mishiko yote miwili, upenyo, kipenyo cha kipandikizi, urefu na pembe ya kila tundu. Kipandikizi kikikatika, daktari wa pili ataanza kwa kuuliza kama matundu ya zamani yanatumika tena au lazima yajazwe mfupa kwanza.