Chuchu Kavu Si Cheti cha Afya

Jirani yangu anauza omena katika soko la Kibuye, Kisumu. Jumatano iliyopita jioni alibisha mlangoni, akaketi, akafungua fundo la leso na kunitolea kadi ngumu ya rangi ya waridi. Ina jina lake na tarehe, na chini yake kwa wino wa buluu: KUSHOTO KAVU, KULIA KAVU, SALAMA. Alitaka nimsomee tena neno la mwisho. Nilipolisoma, akashusha pumzi. Ndipo akaniambia kwamba tangu kabla ya Krismasi ana kitu kigumu kama kokoto kwenye titi la kushoto, juu, karibu na kwapa. Hakiumi. Alikuwa amekiogopa, lakini sasa anamshukuru Mungu, mashine imesema hakuna neno.

Usiku huo sikulala, na ninayaandika haya nikiwa bado na hasira.

Wapimaji walikuja kwenye chama chao, mmoja amevaa koti jeupe, wakatoza shilingi 2,500 kwa kila mama. Kikombe kidogo cha plastiki kinawekwa juu ya chuchu. Kimeungwa na bomba la sindano, na bomba likivutwa, chuchu inafyonzwa. Kitone kikitokea, kinapakwa kwenye kioo na kupelekwa maabara seli zikatazamwe. Kisipotokea, unapewa kadi. Kati ya akina mama kumi na wanane waliopimwa siku hiyo, kumi na mmoja walipewa kadi kama ya jirani yangu.

Kumi na mmoja walirudi nyumbani wakiamini wamepimwa saratani.

Kifaa chenyewe kina historia yake ya heshima, na sitaki kuikana. Papanicolaou, yule daktari Mgiriki aliyehamia Marekani na ambaye kipimo cha mlango wa kizazi kinaitwa kwa jina lake, alichapisha mwaka 1958 kazi yake kuhusu seli zinazopatikana kwenye majimaji ya titi. Alitumia pampu ya matiti hata kwa wanawake wasio na dalili yoyote. Baadaye Otto Sartorius akatengeneza kifyonzaji cha aina hii ya kikombe na bomba. Kisha Susan Love, daktari mpasuaji aliyefariki mwaka 2023, akasukuma wazo mbele zaidi: kupitisha mrija mwembamba sana kwenye tundu la chuchu, kuingiza maji ya chumvi ndani ya mrija wa maziwa, kuyavuta tena na kutazama seli zilizosafishwa humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha tofauti kubwa. Ufyonzaji wa kawaida ulitoa seli kama 120 kwa titi, na kuosha mrija kulitoa kama 13,500 kwa mrija mmoja. Nayaelewa matumaini yao. Saratani nyingi za matiti huanzia kwenye mirija ya maziwa, kwa hiyo ni akili ya kawaida mtu kutaka kuchungulia humo kabla uvimbe haujashikika kwa vidole.

Lakini titi halina mrija mmoja ulionyooka. Lina mirija mingi inayogawanyika kama mizizi, na saratani nyingi huanzia kule mwisho kabisa, pale kijirija kinapokutana na vifuko vya kutengenezea maziwa. Kitone kinachofika kwenye chuchu kimetoka mbali, na huenda kimetoka mrija mwingine kabisa. Uvimbe nao unaweza kuuziba mrija wake, usipitishe chochote. Na wapo wanawake wengi wazima wa afya ambao hata ukiwafyonza kutwa nzima hawatatoa kitone. Sasa niambie, ukavu unamweleza nini daktari? Mwenye afya anaweza kuwa mkavu. Mwenye saratani anaweza kuwa mkavu. Jirani yangu mwenye kokoto karibu na kwapa ni mkavu. Neno lile halibebi habari yoyote, na mtu amechukua kalamu akaandika SALAMA mbele yake.

Hata wale waliotoa majimaji hawakununua uhakika. Njia ile bora ya kuosha mrija ilijaribiwa kwa wanawake ambao tayari walijulikana kuwa na saratani na walikuwa wanasubiri upasuaji, na wengi wao seli zao zilisomwa kama hazina saratani. Desemba 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatahadharisha wanawake waziwazi kwamba kipimo cha majimaji ya chuchu hakiwezi kuchukua nafasi ya mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, na hakifai kutumiwa peke yake kugundua saratani ya matiti. Tangu 2013! Na sisi bado tunauziwa chini ya mwembe.

Nitakubali jambo moja, japo kwa shingo upande. Titi likitoa majimaji lenyewe bila kukamuliwa, upande mmoja tu, kutoka tundu moja, na hasa yakiwa na damu, hapo majimaji yana maana na mtu aende hospitali upesi. Mara nyingi chanzo huwa kinyama kidogo ndani ya mrija ambacho si saratani, lakini lazima kitafutwe. Hospitalini, mikononi mwa anayejua anachotafuta, vifaa vya kuingia mrijani vina kazi yake. Watafiti nao waendelee, siwazuii.

Na naelewa kwa nini akina mama walilipa. Hakuna foleni, hakuna kuminywa na mashine, hakuna kuvua blauzi mbele ya kijana wa umri wa mwanao. Mpimaji aliwafuata walipo. Hospitali zetu zingewafuata hivyo, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Lakini kinachoniuma zaidi nakijua kwa mikono yangu. Mama yangu mdogo anaishi Ahero. Alipopata uvimbe wake, titi halikutoa maji wala damu. Angepimwa kwa kile kikombe, naye angepewa kadi. Kwa bahati nesi wa zahanati alimpapasa, akamwambia, “Mama, hii usikae nayo,” akamwandikia barua. Hospitali aliyotumwa wakamfanyia altrasaundi, kisha wakamchoma sindano ya biopsi, ile nene inayokata kinofu. Vilitoka vinofu vitatu vyembamba kama uzi. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe hawakuwa na daktari wa patholojia, yule anayesoma vinofu kwa darubini, nikakabidhiwa vinofu hivyo katika chupa ndogo ya fomalini, dawa ya kuvihifadhi, yenye jina lake kwenye kipande cha plasta, na nikaambiwa nitafute maabara mjini.

Nilipanda nayo matatu. Niliishika kwa mikono miwili mapajani, kondakta akinisukuma nisogee watu watoshe, na mimi nawaza kwamba maisha ya mtu yako humu ndani na kifuniko hakijakaza vizuri. Majibu yalichukua siku 49. Yalipokuja yakasema ni saratani, lakini daktari hangeweza kuchagua dawa bila kipimo cha vipokezi vya homoni, kinachoonyesha kama saratani inachochewa na homoni, nacho kinalipiwa peke yake. Siku 21 nyingine. Jumla siku 70 kabla ya matibabu kuanza, na katika siku hizo uvimbe ulikua hadi ukaonekana juu ya nguo. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa mwaka 2021 unataka mwanamke awe amepata majibu kamili ndani ya siku 60 tangu aende hospitali mara ya kwanza. Mama mdogo yu hai, anaimba kwaya. Wenzake wawili aliokuwa akipokea nao dripu tumewazika.

Kwa hiyo mtu akiniletea habari za kifaa kipya cha kuchukua sampuli, nina maswali yangu. Hiyo sampuli itasomwa na nani? Kwa siku ngapi? Na nani ataibeba? Sindano ya biopsi ipo, na inajulikana kufanya kazi. Tunachokosa ni daktari wa patholojia katika hospitali zaidi, dereva wa kusafirisha chupa ili mpwa wa mgonjwa asiibebe kwenye matatu, na majibu yanayorudi kabla uvimbe haujapasuka. Mwaka 2020 wanawake wapatao 6,800 waligunduliwa na saratani ya matiti nchini Kenya, na wengi wetu hufika hospitali saratani ikiwa tayari hatua ya tatu au ya nne, zile za mwisho. Miezi anayopotezewa mama na kadi ya waridi ndiyo inayoweza kumtoa hatua ya pili na kumpeleka ya tatu.

Pesa za chama zirudishwe. Mwenyekiti nimempigia, ameahidi kuwatafuta wale watu, na pia amekubali kuwaita, mmoja baada ya mwingine, wale akina mama kumi na mmoja.

Jumanne tunaenda Russia, ile hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, mimi na jirani. Tutatoka saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi foleni; omena ataziacha kwa binti yake. Jana alinisimamisha langoni akauliza kama abebe ile kadi au aichane. Nikamwambia aibebe, daktari aione. Ameirudisha kwenye fundo la leso.