Pesa za ukame zifike ng'ombe angali hai

Serikali ya Kenya inajua kuwalipa wafugaji mapema. Imewahi kufanya hivyo, na ndiyo maana nakasirika inapojifanya haiwezekani.

Mwaka 2015 ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, KLIP, ikianzia Wajir na Turkana. Kila kaya iliyosajiliwa ililipiwa ada yote ya bima kwa ng'ombe watano. Mbuzi kumi walihesabiwa kama ng'ombe mmoja. Hakuna ofisa aliyekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na ukijani ukishuka kupita kiwango kilichowekwa, pesa zinatoka. Bima ya kwanza ya aina hii, iliyojaribiwa Marsabit mwaka 2010, ilikusudiwa kumfidia mtu mnyama aliyekwisha kufa. KLIP ililenga kulipa kabla ya hapo, mfugaji anunue nyasi, maji na dawa. Februari 2017, kaya zipatazo 12,000 katika kaunti sita zililipwa zaidi ya shilingi milioni 200.

Mwenye mifugo hahitaji kuelezwa kwa nini tarehe ni muhimu kuliko kiasi. Ukame ukianza kukaza, bei ya mahindi hupanda huku bei ya ng'ombe ikiporomoka, na dalali anajua huna la kufanya. Robota la nyasi linaloletwa leo linaokoa mtamba. Likija mwezi ujao, mtamba hayupo, na wa kuchukua nafasi yake, hata ukipata ndama leo, utamsubiri miaka mitatu hivi ndipo azae na kutoa maziwa. Hakuna fidia inayorudisha miaka hiyo.

Kisha mvua zikakosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa Septemba 2021, na hadi unakwisha mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa. Serikali ilinunua mifugo iliyodhoofika kupitia shirika lake la nyama, Kenya Meat Commission. Si wazo baya, ila ng'ombe wa kunyanyuliwa kwa mkia hapandi lori.

Setilaiti nayo si malaika. Haitofautishi nyasi na mathenge, mti wa miiba uliovamia malisho, na mathenge hubaki kijani kibichi hata jua likichoma kila kitu. Wakazi wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda ya mti huo. Setilaiti ingeona majani tu, ikasema malisho yapo. Kwa hiyo watu wa mashinani lazima wasikilizwe kabla ya kuamua nani alipwe. Hata hivyo, kati ya kipimo chenye kasoro na hiari ya mwanasiasa, mimi nachukua kipimo. Pesa zinazoingia kwenye simu ya mama kule Loiyangalani hazina picha ya kupigwa. Lori la mahindi linayo, tena na bango.

Hata Marekani, ambako wabunge huwaogopa wafugaji, ruzuku ya malisho hufuata ramani ya ukame. Kaunti ikikaa wiki 4 mfululizo katika ukame mkali, mfugaji anastahili malipo, wala haulizwi mzoga uko wapi.

Sisi ramani tunayo. Mamlaka ya ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila kaunti kame kila mwezi, kwa ngazi zake: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Sheria ya mwaka 2016 imeweka hata Hazina ya Dharura ya Ukame. Bunge liifungamanishe hazina hiyo na ngazi ya tahadhari: kaunti ikifika hapo, pesa zitoke wiki hiyo hiyo, bila kungoja tangazo la Ikulu. Malori ya unga yatakuja baadaye, na wapiga picha wake.